Bwana Msa na Utamu wa Kungoja

Wako wanaodhani kwamba hadithi ya upelelezi ni ya kupitishia wakati tu, na kwamba aliyekwisha kumjua mwuaji hana haja tena na kitabu. Ikiwa ndivyo, mbona wasomaji walimfuata Bwana Msa kitabu baada ya kitabu, nami hata leo humrudia, ijapokuwa majibu yote nayajua?

Bwana Msa alibuniwa na Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa magazeti wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918. Alitokea kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya utungaji ya mwaka 1957/58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), na vingine hata Kosa la Bwana Msa (1984). Yeye si askari. Ni mtu wa kiko na fikira, na sahibu yake ni Najum. Amsomaye Sherlock Holmes atautambua mara moja ukoo wao. Lakini ukoo peke yake haututoshi kuueleza utamu.

Na tuazime mfano katika sarufi. Kiswahili chaweza kusema “Ameuawa” kikanyamaza. Sentensi imetimia, wala mtendaji hakutajwa. Akitajwa, hutanguliwa na neno dogo, “na”. Katika kitabu cha kwanza Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, aonekana maiti penye mzimu. Hofu hulijaza pengo upesi: ameuawa na mizimu. Bwana Msa huliacha wazi. Huuliza, hupima, husikiliza nani kasema na nani kanyamaza, wala hatii jina mpaka ushahidi umlete mwenyewe. Jina hilo sitalitaja hapa. Asiyesoma nisimnyang'anye haki yake.

Huo ndio utamu wenyewe: kungoja pamoja na mtu asiyelikubali jibu kwa kuwa latisha, au kwa kuwa wengi wamelisema. Giningi, katika itikadi za Unguja na Pemba, ni makao ya wachawi. Basi vitabu viwili vya kwanza vyabeba majina ya kutia hofu. Jina la cha tatu ni kama jibu lao: duniani kuna watu.

Wala jambo hili si mchezo. Katika Tanzania na Kenya wazee wasio na hatia, wengi wao akina mama, wamepoteza maisha kwa sababu msiba ulitokea na jirani akaharakisha kuweka jina baada ya “na”. Mwanafunzi aliyezoea kungoja pamoja na Bwana Msa amejifunza zaidi ya hadithi. Kwa hiyo vitabu hivi vyastahili kusomeshwa, na kurudiwa, hata na sisi tunaomjua mwuaji.