Je, Wajua? Mchezo Uliouzwa Miaka Kumi Kabla ya “Kutoka”

Je, wajua kwamba 7 Days to Die, mchezo wa kompyuta wa kupambana na mazombi, uliuzwa kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kutangazwa umekamilika? Watengenezaji wake, The Fun Pimps, ni wa eneo la Dallas, Texas. Mchezo huo uliingia kwenye duka la mtandaoni la Steam tarehe 13 Desemba 2013 ukiwa bado unajengwa: mnunuzi analipa, anacheza kilichopo pamoja na kasoro zake, na mafundi wanaendelea kuongeza na kubomoa. Toleo la 1.0, yaani lililokamilika, lilifika Julai 2024. Kituko ni kwamba mwaka 2016 ulikuwa umeshauzwa kwa PlayStation 4 na Xbox One, ilhali wachezaji wa kompyuta bado waliambiwa ni majaribio!

Kwangu mimi, siku pesa ilipopokelewa ndiyo siku mchezo ulipotoka. Majaribio ya kweli waliyafanya id Software, wakati huo wakiwa Mesquite, jirani na Dallas: Februari 1996 waligawa bure kionjo cha mchezo wao wa Quake, na toleo rasmi likafuata Juni.