Gari-nyumba Kubwa la Petroli: Mizani Kwanza, Sofa Baadaye

Mnunuzi anayeingia katika yadi ya magari-nyumba huko Marekani hupelekwa ndani moja kwa moja. Ataonyeshwa jiko la gesi, bafu, kitanda kipana, na ukuta unaojisukuma nje kwa kubonyeza kitufe ili sebule ipanuke. Yote hayo ni mazuri. Lakini kinachoamua kama gari hilo litamfaa kiko chini ya sakafu: uzito, injini, breki na matairi. Huko sheria za fizikia ndizo zinazotawala, na hazina punguzo la bei.

Magari-nyumba makubwa ya petroli, yale yenye umbo la basi, kwa kawaida yana urefu wa mita 9 hadi 11. Mengi hujengwa juu ya chasisi moja, Ford F-53, ambayo uzito wake unaoruhusiwa huanzia tani 7 hivi hadi karibu tani 12 kulingana na toleo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 chasisi hiyo ilipewa injini ya silinda nane ya lita 7.3, yenye nguvu za farasi 350, badala ya ile ya silinda kumi iliyotumika kwa miaka mingi. Ni injini imara, na fundi wa kuitengeneza hupatikana kwa urahisi kuliko fundi wa dizeli kubwa.

Tuanze na tambarare. Adui mkubwa wa gari hili barabarani ni hewa. Uso wake una upana wa mita 2.6 na kimo kinachokaribia mita 4, tena umesimama wima kama ukuta. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa kwenda 110, unaongezeka kwa karibu nusu, na nguvu inayotakiwa kuushinda inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana magari haya hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa kila kilomita 100. Dereva anayeridhika na mwendo wa 90 anaokoa mafuta mengi bila kununua kifaa chochote.

Milimani hesabu hubadilika. Gari la tani 10 likipanda kimo cha mita 1,000 linahitaji megajuli 98 za nishati, mbali na zile za kushinda hewa na msuguano. Kwa kuwa injini hugeuza takriban robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo, kimo hicho peke yake kinagharimu lita 12 hivi. Isitoshe, injini ya petroli isiyo na turbo huvuta hewa ilivyo, na hewa ya juu ni nyepesi. Kila mita 300 za kimo huipunguzia nguvu kwa takriban asilimia 3. Kwenye handaki la Eisenhower huko Colorado, lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, karibu thuluthi moja ya nguvu za farasi inakuwa imepotea. Gari litapanda, ila polepole, huku injini ikinguruma karibu na miguu ya dereva, maana imewekwa mbele. Dizeli kubwa ina turbo inayoishindilia hewa, na mara nyingi injini yake huwa nyuma, mbali na masikio.

Kuteremka kunahitaji uangalifu zaidi. Zile megajuli 98 zinarudi, na ni lazima ziende mahali fulani. Dereva akikanyaga breki mfululizo, zitageuka joto ndani ya breki hadi breki hizo zikose kushika. Anapaswa kupunguza mwendo kabla ya mteremko na kuingiza gia ndogo, ili injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Je, basi dizeli ndiyo jibu? Si kwa kila mtu. Chukua msafiri wa kilomita 8,000 kwa mwaka. Petroli ikitumia lita 33 kwa kilomita 100 na dizeli 27, tofauti ni lita 480. Hata lita ikiwa dola moja, ameokoa dola 480 kwa mwaka, ilhali gari la dizeli huweza kumzidishia bei ya ununuzi kwa makumi ya maelfu ya dola. Akiba hiyo haitalipa deni hilo katika umri wa kawaida wa gari.

Swali kubwa ni mzigo. Sheria ya Marekani inataka kila gari-nyumba jipya liwe na kibandiko kinachotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo linaoruhusiwa kubeba. Maji nayo yanahesabiwa: tangi la lita 280 likijaa ni kilo 280. Ongeza watu wanne, vyombo, nguo na baiskeli, nafasi inaweza kwisha kabla hujaona. Uzito ukizidi, matairi hupata joto kupita kiasi na kupasuka.

Fikiria pia unakokwenda. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, Montana, hairuhusu magari yanayozidi mita 6.4 kwenye sehemu yake ya mlimani. Mwenye gari kubwa atahitaji kuvuta gari dogo nyuma yake, na mengi ya petroli huishia kwenye uzito wa kuvuta wa kilo 2,270 hivi.

Kwa hiyo, gari-nyumba kubwa la petroli linamfaa anayesafiri wiki chache kwa mwaka, asiye na haraka, mwenye mizigo ya kiasi, anayelala kwenye kambi zenye nafasi. Anayetaka kuishi humo mwaka mzima, kuvuka milima mara kwa mara au kuvuta gari zito, aangalie dizeli. Anayependa njia nyembamba za hifadhi achukue gari fupi. Kabla ya kutia saini, kodi linalofanana nalo kwa wiki moja, lipakie kama utakavyolipakia, kisha lipitishe kwenye mizani ya malori. Namba utakayoisoma hapo iamini kuliko maneno ya muuzaji.