Umande wa Nakivale na safari ya gunia la mahindi

KATIKA makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mahindi huanikwa juu ya turubai kabla ya kupakiwa kwenda Mbarara. Yakilala nje, asubuhi mwenye mali huyakuta yameloa, ingawa mvua haikunyesha.

Sababu ni hewa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikipoa hubeba kidogo. Usiku ardhi hupoteza joto, hewa iliyo karibu nayo hupoa, na mvuke uliozidi hugeuka umande. Jua likipanda, hewa hupata nafasi tena na kuvuta maji kwenye punje. Basi mahindi yaanikwe umande ukishakauka, na yafunikwe kabla ya magharibi.

Kwa mzigo unaovuka mpaka, hilo ni suala la mtaji. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu huweza kuleta sumukuvu. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikafungua kwa masharti, cheti cha vipimo kikiwa mojawapo.

Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise, asubiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15: mzigo urudi juani. Isiponata, mahindi yamekaribia; kipimo cha ghalani Mbarara ndicho kitakachokata shauri.