Harusi ya Julai, Maua ya Machi

Watu wa Tabora hupenda kuoana wakati maua yamekwisha. Mvua huanza Novemba na kukatika kuelekea mwisho wa Aprili, na katika miezi hiyo hata nyumba isiyo na mpenda bustani huwa na zinia mbele ya baraza, kosmosi zilizojiotea, na kana zilizonenepa kando ya bomba la maji. Lakini hiyo ndiyo miezi ya jembe. Mfuko mtupu, barabara tope, na mjomba anayetegemewa kutoa ng'ombe yuko shambani. Fedha hurudi mvua ikishakwenda: masoko ya tumbaku yamefunguliwa, pamba ya Igunga na Nzega inapimwa, asali inarinwa, mpunga uko ghalani. Ndipo kadi za mialiko zinapoanza kugawiwa. Kuanzia Juni mpaka Septemba Jumamosi hazitoshi, na huko nje upepo mkavu wa kipupwe umeshageuza bustani kuwa vijiti.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na masanduku ya mpambaji. Maua ya plastiki ya kukodi hayanyauki, hayaiti nyuki, na wiki ijayo yatafanya kazi tena. Simlaumu mpambaji, ana biashara ya kulinda. Kinachochosha ni kuyakuta yale yale, zambarau iliyopauka na vumbi la ukumbi uliopita, kwenye hafla ya kumuaga binti na tena kwenye harusi yenyewe, huku kamati ikilipa kama kwamba yamechumwa asubuhi ile.

Anayetaka maua hai kwa bei ndogo asianze na picha za kwenye simu. Picha hizo ni za bustani za watu wengine, za majira mengine. Aanze na kalenda. Kwa familia ya Kikatoliki, na Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, ni nchi ya Wakatoliki tangu seminari kuu ianzishwe pale mwaka 1925, kalenda zenyewe ni mbili: ya mvua na ya Kanisa. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 305, yanakataza kupamba altare kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Majilio, maua yawe ya kiasi. Na siku zote yawe ya kadiri, yawekwe kuizunguka altare badala ya kupangwa juu ya meza yake. Kamati nyingi hazijui kwamba sheria ya Kanisa iko upande wa mweka hazina. Vyombo viwili vizuri kando ya altare vinatosha. Minara mitano ya maua inayomficha padre ni matakwa ya mpambaji, liturujia haikuyaomba.

Tazama sasa jinsi kalenda hizo mbili zinavyogongana. Februari na Machi, maua yakiwa tele kuliko wakati wowote, huwa ni Kwaresima na parokia nyingi hazifungishi ndoa. Novemba na Desemba mkrismasi unawaka mwekundu mjini kote, lakini Majilio yamebisha hodi. Zinabaki wiki chache baada ya Pasaka, kabla majani hayajakauka. Anayeweza kuishawishi kamati ifunge harusi kabla ya katikati ya Mei amepata maua ya bure kwa majirani wote. Kwa kawaida haishawishiki, kwa sababu mnada wa tumbaku bado.

Basi tuseme ni Julai. Bustani imekauka, lakini shamba lina mambo.

Kwanza pamba. Vitumba vikishapasuka, tawi moja la pamba hubeba mafundo meupe manne au matano juu ya makoko ya kahawia, na hayahitaji maji, hayanyauki, hayaogopi joto la ukumbi. Ulaya na Marekani matawi haya huuzwa kwenye maduka ya maua kwa bei ya kushangaza. Nzega ni mabua ambayo mkulima akishavuna anatakiwa kuyang'oa na kuyachoma ili wadudu wasihamie msimu ujao. Mwombe mapema akuachie mstari mmoja bila kuvuna, umlipe pamba yake kwa bei ya kituo cha kununulia, na uyakate matawi kwa mkasi. Kuyavunja kwa mkono kunamwaga nyuzi. Ongeza masuke ya mpunga na ya mtama, na nyasi ndefu za kando ya njia zilizokatwa kabla mbegu hazijapukutika, kisha ning'iniza mafungu hayo vichwa chini kwenye chumba chenye kivuli kwa wiki mbili. Vyote hivi hufanyika mwezi mzima kabla ya harusi, wakati shangazi wana nafasi na hakuna anayegombana na mtu.

Pili mwembe. Miembe ya Tabora na Kwihara inasemwa ilifuata njia ya misafara kutoka pwani, wapagazi wakila na kutupa kokwa. Kiangazi chote ina majani mabichi, magumu, yanayong'aa. Wahindu huyatunga kwenye uzi na kuyatundika juu ya mlango wa nyumba yenye harusi, na sijui kwa nini sisi tunaoishi chini ya miembe tunanunua riboni. Uzi wa mita tatu wa majani ya mwembe kwenye lango la ukumbi unastahimili Ijumaa na Jumamosi yote.

Rangi italetwa na bogenvilia, ambayo tofauti na maua mengine huchanua vizuri zaidi jua likikaza. Tatizo lake ni kwamba hunyauka upesi ikikatwa. Dawa ni kupukutisha majani yote ya kijani, kuzamisha matawi mazima kwenye beseni la maji kwa saa moja, kisha kuyasimamisha kwenye ndoo. Hata hivyo usimpe bibi harusi aishike. Ina miiba, na mkononi bila maji haifiki jioni.

Kisha kuna alizeti, na hapa ndipo anayepanga mapema anapomshinda mwenye fedha. Mbegu ya alizeti, hata ile Rekodi ya kukamulia mafuta, huchanua kati ya siku 60 na 75 baada ya kupandwa, baridi ikiichelewesha kidogo. Kwa harusi ya Jumamosi ya katikati ya Julai, panda kwenye bustani ya mboga ya bondeni, kando ya mchicha unaomwagiliwa, mistari mitatu: mwisho wa Aprili, wiki moja baadaye, na wiki moja tena. Mmoja wapo utakuwa tayari siku inayotakiwa. Panda karibukaribu ili vichwa viwe vidogo. Kichwa cha ukubwa wa sahani hakikai kwenye chupa. Zinia na kosmosi zitafuata ratiba hiyo hiyo kwa maji yale yale. Kata alizeti petali zinapoanza tu kunyanyuka, kabla ya chavua kumwagika, maana chavua yake huacha doa la njano kwenye shela. Na hii ni nchi ya asali: ukiacha ndoo za alizeti uwanjani mchana, nyuki watafika kabla ya wageni. Ziingie ndani mapema.

Anayeoa Septemba ana zawadi nyingine. Kabla ya mvua kunyesha, miombo huvaa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, hasa mtundu na muba, na hakuna duka linalouza kitu cha namna hiyo. Majani machanga ni laini na hulegea haraka, basi yakatwe alfajiri ya siku yenyewe na yatoke kwenye shamba lenu. Msitu wa hifadhi una wenyewe.

Kila kinachohitaji maji kikatwe alfajiri au jua likishazama. Ndoo zisuguliwe kwa sabuni kama za maziwa, kwa kuwa uchafu wa ndoo huua maua kuliko jua. Shina likatwe mshazari, majani yatakayozama yaondolewe, na katika kila lita ya maji tia kijiko cha chai cha sukari, viwili vya maji ya ndimu, na matone machache ya jiki. Ndoo zilale kwenye chumba chenye giza usiku wa kuamkia harusi.

Wapambaji huchomeka maua kwenye sponji la kijani, ambalo ni plastiki isiyooza na linagharimu. Tumia mgomba. Kipande cha shina la mgomba cha urefu wa mkono, kikilazwa kwenye sinia, kimejaa maji chenyewe. Toboa kwa kijiti kwanza, kisha chomeka. Watu wa Thailand hujengea juu ya vipande vya mgomba vyombo vya maua wanavyoviachia majini kwenye sikukuu yao ya Loi Krathong. Tahadhari ni moja tu, lakini kubwa: utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Weka nailoni chini, na anayeukata asiwe tayari amevaa sare.

Kuhusu kugawa fedha nina msimamo. Shada la mkononi la bibi harusi ndilo linalostahili kununuliwa. Mawaridi kumi ya mashamba ya Arusha, yakizungukwa na matawi mawili ya pamba, yatapendeza kwenye picha kwa miaka arobaini. Familia zenye asili ya pwani zitasema asumini inatosha, na zina haki: vitumba vikichumwa alasiri na kutungwa kabla ya magharibi, hufunguka usiku vikiwa tayari kwenye nywele. Baada ya hapo pamba lango na meza kuu. Meza za wageni zipewe tawi moja la pamba au alizeti moja kwenye chupa tupu ya soda, kwa sababu mgeni anatazama sahani. Kreti za chupa mmekwisha kuzikodi kwa ajili ya vinywaji.

Atakayenung'unika kwamba mabua na nyasi ni mambo ya kimaskini, mwambieni habari za Constance Spry, mpambaji wa maua wa London. Katika miaka ya 1930 matajiri wa Uingereza walimlipa awapambie kwa majani ya kabichi, matunda ya vichakani na magugu ya kando ya barabara. Mwaka 1937 alipamba harusi ya yule mfalme aliyeacha kiti, Edward, na Wallis Simpson, na mwaka 1953 alihusika na maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth.

Jambo la mwisho ni mikono. Hesabuni watu wanne wa kufunga maua Ijumaa jioni, wasiwe wale wanaosimamia jiko, na mmoja wao awe na neno la mwisho, la sivyo kila shangazi atapanga meza kuu upya. Na mweka hazina aandaliwe mapema, kwa maana bua la pamba, nyasi na mgomba wa jirani havina risiti, na kikao cha kuvunja kamati kitaiuliza.