Fahamu: Kwa nini California ilikaguliwa kuhusu fedha za wasio na makazi

Aprili 2024, Mkaguzi wa jimbo la California, Marekani, alitoa ripoti iliyozua mjadala. Karibu dola bilioni 24 zilitengwa kwa ajili ya wasio na makazi katika miaka 5 ya fedha, lakini baraza la jimbo linaloratibu kazi hiyo halikufuatilia ipasavyo matumizi wala matokeo. Kati ya programu 5 zilizochunguzwa, 2 tu zilionekana kuleta matokeo yanayolingana na gharama zake. Zile 3 nyingine hazikuwa na takwimu za kutosha hata kupimwa.

Wasio na makazi huhesabiwaje?

Kwa kawaida, hesabu rasmi hulenga hali ya usiku mmoja wa Januari. Los Angeles, watu wa kujitolea hupita mtaa kwa mtaa wakiandika mahema na magari yanayolalwa, bila kugonga; idadi ya waliomo hukadiriwa baadaye. Aliyejibanza sebuleni kwa binamu yake haonekani. Na hata hesabu sahihi haisemi kama aliyepewa kitanda Machi bado ana paa Desemba.

Je, fedha zililiwa?

Ripoti haikusema hivyo. Kutofuatilia si wizi. Wapo wanaopinga ufuatiliaji zaidi, wakidai kila dola ya karani ni dola iliyomkosa mhitaji. Hoja hiyo ina uzito, ila watoa huduma tayari huingiza taarifa za wanaowahudumia kwenye mfumo wa kompyuta, na baraza lenyewe lilishatathmini matumizi hadi mwaka wa fedha 2020-21. Kisha likaacha.