Meseji ya Jumatatu kwa Mgonjwa wa Mgongo

Mgonjwa wa maumivu sugu huonana na tabibu kwa dakika chache, kisha hukaa na maumivu yake mwezi mzima peke yake. Anatoka zahanati na pakiti ya diklofenaki na ushauri wa kuacha kazi nzito, ilhali nyumbani hakuna wa kumpokea hizo kazi. Akirudi anakuta yuko zamu mtu mwingine, anaanza kujieleza upya. Simu ya mkononi inafika nyumbani katika zile wiki ambazo sisi wahudumu hatupo, na kwa hilo tu nadhani inastahili kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya tiba.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakijirudia kwa zaidi ya miezi 3. Kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine, hadi Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoyapa nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu wapatao milioni 619 duniani mwaka 2020, na ndiyo yanayoongoza kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Mara nyingi jeraha la mwanzo, kama lilikuwepo, limeshapona, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimebaki katika hali ya tahadhari, kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Eksirei ikitoka safi, mgonjwa huambiwa hana kitu, na maneno hayo humwongezea mzigo.

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno katika huduma za msingi. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za viungo na msaada wa kisaikolojia. Haupendekezi kutumia mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, kuvuta mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya morfini. Karibu kila kinachopendekezwa humo ni jambo la kurudiwa wiki baada ya wiki. Mazoezi yaliyofundishwa mara moja kwenye chumba cha daktari yamesahaulika kabla daladala haijafika kituo cha mwisho.

Huko Denmark na Norwei waliijaribu programu ya simu iitwayo selfBACK kwa watu wazima 461 wenye maumivu ya kiuno, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kila wiki programu ilimpangia mtu idadi ya hatua za kutembea, zikihesabiwa na bangili ya mkononi, pamoja na mazoezi ya viungo na somo fupi. Baada ya miezi 3, asilimia 52 ya waliopewa programu juu ya huduma ya kawaida walikuwa wamepata nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 39 ya waliobaki na huduma ya kawaida peke yake. Ukichukua wastani, tofauti kati ya makundi haikufika hata alama 1 katika kipimo cha alama 24. Hiyo ni nafuu ndogo, na anayewauzia watu programu za aina hii kama mwisho wa maumivu anawadanganya. Lakini kwa hali inayowapata watu wengi kiasi hiki, nafuu ndogo isiyomdhuru mtu tumbo wala figo naipokea kwa mikono miwili.

Tatizo ni kwamba selfBACK inahitaji simu janja na bangili, na wagonjwa wengi wa zahanati zetu wana kitochi. Kwao mfano bora naupata Kenya, katika utafiti wa WelTel uliochapishwa mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za ARV katika kliniki 3 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila wiki meseji ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Mwaka ulipoisha, asilimia 62 ya waliopata meseji walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Utafiti huo ulihusu ARV na hauthibitishi lolote kuhusu mgongo. Ninachotaka tukiazime ni mpangilio wenyewe: swali fupi, jibu rahisi, na mtu halisi anayepiga simu. Kazi kubwa, kwa maoni yangu, iko katika ile simu ya mhudumu.

Mchukue mama anayenunua samaki soko la feri alfajiri na kuwapitisha mtaani, ndoo kichwani. Tuseme kila Jumatatu meseji inamuuliza hali yake, na kwa wiki mbili anataja maumivu ya 6 kati ya 10. Wiki ya tatu anataja 8 na kuandika "Shida". Namba hiyo ikibaki kwenye kompyuta haisemi kitu. Muuguzi akipiga, anasikia kisa: Jumanne mgongo ulikuwa umetulia, mama akaona afidie siku alizopoteza, akabeba ndoo mbili na jioni akafua nguo za wiki nzima, kisha akalala chini siku tatu. Wenye maumivu sugu wengi huishi hivyo, kujituma kupita kiasi siku nzuri na kuanguka siku zinazofuata. Dawa yake ni kugawa kazi kwa kiasi kilekile siku nzuri na siku mbaya, na kutembea kidogo hata siku ya kulala. Ushauri huo una maana ukitolewa wiki ileile, wakati mama bado anaikumbuka ndoo ya pili.

Maswali yawe machache. Kipimo kiitwacho PEG kina matatu tu, yote kuhusu wiki iliyopita: maumivu yalikuwa makali kiasi gani kwa wastani, yalikuharibia raha ya maisha kiasi gani, na yalikuzuia shughuli zako kiasi gani. Mimi naegemea zaidi hilo la tatu. Kumuuliza mtu kila siku anaumwa kiasi gani ni kumfundisha kuyasikiliza maumivu, na hilo ndilo tunalotaka alipunguze. Ningeongeza swali moja: wiki hii umemeza dawa ya maumivu siku ngapi? Diklofenaki hununuliwa duka la dawa bila cheti, na mwenye presha anayeimeza kila siku anaweza kujiletea matatizo ya figo au vidonda vya tumbo, na kwenye kadi yake zahanati isionekane hata alama.

Vikwazo vipo. Baadhi ya simu vijijini ni za nyumba nzima, na meseji ya mke husomwa na mume. Laini hubadilishwa. Asiyesoma apigiwe simu yenye sauti iliyorekodiwa, abonyeze 1 au 2. Taarifa za afya zinalindwa na sheria, Kenya ile ya 2019 na Tanzania ile ya 2022, hivyo meseji isitaje ugonjwa, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anaitaka. Kenya ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi mwaka 2023, simu janja ilikuwa mojawapo. Mhudumu huyo akipita nyumbani anaweza kuuliza maswali yaleyale. Vocha ya kupigia wagonjwa iingie kwenye bajeti ya kituo, maana muuguzi akiachiwa ailipie mfukoni, simu zitakoma mwezi wa pili.

Kuna majibu yasiyosubiri Jumatatu ijayo. Miguu inayoishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujizuia, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu bado kipo, na hakuna mazoezi ya kwenye simu yatakayokiponya. Muuguzi anayepokea meseji za "Shida" awe na dalili hizo ubaoni mbele yake, pamoja na namba ya gari la wagonjwa na jina la hospitali itakayompokea mgonjwa.