Taa za Ishara za Pikipiki: Tuzikague Kabla ya Safari

Sisi tuvaao sare hutumwa usiku na mchana, na mara nyingi chombo chetu ni pikipiki. Mjumbe akikata kona gizani bila taa ya ishara, dereva wa lori lililo nyuma yake hawezi kuijua nia yake. Hapo barua yaweza isifike, na mwenzetu vilevile.

Hitilafu hii haitaki kubahatisha. Pande zote mbili zikizima, tuanze na betri na fyuzi, kisha flasha, mwisho swichi ya usukanini. Upande mmoja tu ukizima, fyuzi haina kosa. Tutazame balbu, waya na swichi ya upande huo. Taa ikipepesa mbio kupita kawaida, au ikiwaka bila kupepesa, aghalabu balbu moja imeungua.

Balbu ikiwa nzima, tuwashe swichi, tuunge waya kutoka chuma cha kishikio cha balbu hadi ncha hasi ya betri. Taa ikiwaka, umeme ulikosa njia ya kurudi: tukwangue kutu penye kiungo na fremu. Isipowaka, tukague waya shingoni mwa usukani, ambako hukunjwa kila kona hata ukakatika ndani ya ganda lake.

Kamwe tusitie waya mtupu mahali pa fyuzi. Tutaunguza nyaya zote. Na hadi taa itengenezwe, mkono utoe ishara. Nidhamu ya barabarani ni sehemu ya nidhamu ya askari.